Shajara ya mradi: kuupigia kura mswada wa kaunti kwa kabambe

12 Machi 2025

Tumekutana baada ya futari na tumekubaliana tunachojenga. Wakazi wa wadi mbili za pwani katika kaunti yetu waweze kuupigia kura Mswada wa Fedha wa kaunti, kifungu kwa kifungu, kwa simu yoyote ile, kabla bunge la kaunti halijaupitisha. Tuko watatu: mimi upande wa programu, wakili kijana ambaye bado anajitafutia wateja, na Mwalimu, mstaafu aliyefundisha Kiswahili hadi wanafunzi wake wakamletea watoto wao.

Mswada wa Fedha tumeuchagua kwa sababu unarudi kila mwaka na unamgusa kila mtu mfukoni: ada ya soko, leseni ya kioski, maegesho ya bodaboda, ushuru wa samaki. Tena una tarehe. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inataka bunge la kaunti liumalize ndani ya siku 90 baada ya kupitisha mswada wa matumizi, kwa hiyo ukingoni mwa Septemba kila kitu kitakuwa kimeamuliwa.

Wakili ametusomea tunaposimama. Kifungu cha 1 cha Katiba ya Kenya kinasema mamlaka ni ya wananchi, nao wanaweza kuyatumia moja kwa moja au kupitia wawakilishi waliowachagua. Maneno hayo "moja kwa moja" ndiyo yaliyonitoa nyumbani. Kifungu cha 196 kinalilazimisha bunge la kaunti kushirikisha umma. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 90, inaruhusu hata kura ya maoni ya mashinani kuhusu sheria za kaunti, ila anayeiitisha ni serikali ya kaunti yenyewe. Kifungu cha 91 kinataja majukwaa ya teknolojia kuwa mojawapo ya njia za kumshirikisha mwananchi. Hatuna uwezo wa kumfunga yeyote kwa matokeo yetu, lakini hakuna anayeweza kutuambia tunavunja sheria.

27 Machi

Tumeamua: si programu ya simu janja, ni menyu ya nyota na reli, ile ambayo watu huangalizia salio. Inafanya kazi kwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, haitaki bando, na gharama ya kikao tunailipa sisi. Ubaya wake ni mmoja na ni mkubwa: skrini moja haibebi zaidi ya herufi 182, nafasi na vituo vikiwemo. Ndani ya hizo lazima litoshee swali pamoja na majibu yake.

9 Aprili

Siku ngumu. Nilikuwa nimepanga namba ya simu isihifadhiwe kama ilivyo, bali ipitishwe kwenye hesabu inayoigeuza kuwa mfuatano wa herufi usiorudishika nyuma. Nilidhani faragha nimeimaliza. Asubuhi nikajijaribu kama vile mimi ndiye adui. Namba ya Kenya, ukiondoa 254, inabaki na tarakimu tisa, na ya kwanza ni 7 au 1. Jumla ya namba zote zinazowezekana haizidi milioni 200. Kompyuta yangu hii ya kawaida inaweza kuzigeuza zote kwa hesabu ileile katika dakika chache tu, na ukishakuwa na orodha hiyo, kila mfuatano unajulikana ni wa nani.

Nimerekebisha kwa kuingiza ufunguo wa siri ndani ya hesabu, ufunguo unaokaa kwenye mashine nyingine, utakaofutwa kura ikifungwa. Kisha nikaona pengine pa kuvujia. Jedwali la waliopiga kura lilikuwa na saa, na jedwali la kura nalo lilikuwa na saa. Ukiyalaza sambamba, mtu na kura yake wanakutana. Saa nimeziondoa kwenye kura, na mpangilio wa safu sasa unachanganywa kila mara.

Pamoja na hayo yote, anachobonyeza mtu kinapita kwa kampuni ya simu kikiwa kinasomeka, na laini yenyewe imesajiliwa kwa kitambulisho. Hapo mimi sina la kufanya. Nimemwambia wakili tuandike jambo hili kwenye karatasi ya maelezo, kwa Kiswahili cha wazi, tusimfiche mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatudai hivyo, na hata isingetudai ningeliandika.

2 Mei

Kusi limeanza kuvuma, vyombo vingi vimevutwa juu, na pale diko, samaki wanaposhushwa, watu wana nafasi ya kuzungumza. Mswada wa mwaka huu bado haujatoka, kwa hiyo tumejaribu kwa jedwali la ada la mwaka jana. Swali la kwanza nililiandika mwenyewe:

"Je, unakubali ada ya leseni ya biashara ya samaki iongezwe? 1. Ndiyo 2. La"

Kila mtu alibonyeza 2. Mfumo ulifanya kazi bila kukwama hata mara moja, nami nikawa nasherehekea. Mama karanga mmoja, yaani mkaangaji wa samaki, mtu mzima, akanirudishia simu akaniambia:

"Mwanangu, umeniuliza kama nataka kulipa zaidi. Nani atakwambia anataka?"

Nikamwambia ndivyo mswada ulivyo, mama. Akataka kuuona. Tukaketi juu ya ubao wa mashua, nikamsomea jedwali mstari kwa mstari nikimfasiria. Akanikatiza: "Mimi niko wapi hapo?" Nikatafuta. Hakuwapo. Yeye hununua samaki kwa deni asubuhi, akakaanga kwa karai kando ya njia, akalipa deni jioni. Jedwali lilikuwa na mstari mmoja tu wa wauza samaki, na mstari huo ulikuwa umembeba yeye pamoja na tajiri mwenye friji na gari la kupeleka mzigo mjini. Shida yake haikuwa kuongezwa. Shida yake ilikuwa kwamba ameandikwa kama mtu mwingine, na swali langu halikumpa mlango wa kulisema hilo. Angebonyeza 1, angebonyeza 2, angebaki palepale.

Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akishona jarife alisikia yote. Akasema mwaka 2010 alipiga kura ya Katiba kwa rangi, kijani kwa wanaokubali, nyekundu kwa wanaokataa. "Kitabu kizima kwa rangi moja. Nilichukua kijani na sikujuta. Lakini kuna kurasa mle ningezing'oa."

Nimerudi nyumbani na daftari limejaa. Miezi miwili nimeshughulika na jinsi ya kuhesabu, na kuhesabu kumekubali. Swali ndilo lililoanguka.

5 Mei

Mwalimu amelisoma swali langu akakataa hata kulisahihisha. "Hili halisahihishwi, mwanangu. Linaandikwa upya." Ametuonyesha jambo ambalo mimi nisingeliona: mswada umeandikwa kwa Kiingereza, na neno walilotumia kwa muuza samaki linaweza kufasiriwa mchuuzi, mfanyabiashara, au tajiri. Kila neno kati ya hayo linamtoza mtu tofauti. Anayefasiri ndiye anayeamua nani ataona jina lake na nani ataona la jirani. Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi kwa kifungu cha 7 cha Katiba, lakini ukifika diko mswada unakuja kwa mdomo wa yeyote aliyejitolea kuufasiri.

Usiku nimesoma kuhusu Uswisi, kwa kuwa wao ndio wenye mazoea marefu ya wananchi kupiga kura juu ya sheria. Saini 100,000 zikikusanywa ndani ya miezi 18, pendekezo la kubadilisha katiba linakwenda kwa wananchi. Kila mpiga kura hupelekewa kijitabu cha maelezo, na waliolileta pendekezo huandika hoja zao wenyewe humo. Kilichonishika ni kisa cha kura ya Februari 2016 kuhusu kodi ya wanandoa. Serikali iliwaeleza wananchi kwamba wanandoa wenye vipato viwili wanaoumizwa na kodi hiyo ni jozi 80,000 hivi. Baadaye ikabainika ni jozi 454,000. Pendekezo lilikuwa limeanguka kwa tofauti ndogo sana, na mwezi Aprili 2019 Mahakama Kuu ya Shirikisho ikaifuta kura nzima. Hakuna aliyeiba kura hata moja. Zilihesabiwa sawasawa. Maelezo ndiyo yaliyokuwa na kosa.

Tumejiwekea kanuni kuanzia leo: kila swali linapita mikono mitatu, ya anayeunga mkono kifungu, ya anayekipinga, na ya Mwalimu. Mmoja akikataa kutia saini, swali haliingii kwenye mfumo.

30 Mei

Kanuni ya mikono mitatu inatuchelewesha mno. Swali moja la herufi 182 limetula siku nne. Mwalimu anahesabu herufi kwa vidole, anakata "ambayo", anarudisha "ya", anafuta, anaanza tena. Simlaumu. Lakini jedwali lina mistari mingi na Septemba haitungoji.

Wazo limetoka Taiwan. Mwaka 2015, walipojadili sheria ya magari ya kuitwa kwa simu baada ya Uber kuingia huko, walitumia mfumo uitwao Polis. Hauna kitufe cha kujibizana. Mtu anaandika sentensi yake, wengine wanasema nakubali, sikubali, au napita. Kompyuta inawapanga watu katika makundi kwa jinsi walivyopiga, kisha inazitafuta sentensi zinazokubaliwa na makundi yanayopingana. Mwananchi anakuwa mtunga maswali, hangoji kuulizwa.

Sisi watu wetu wengi hawapendi kuandika kwenye vitufe vya kabambe, kwa hiyo nimeigeuza: unaibipu namba yetu, mfumo unakupigia bure, unasema sentensi yako moja. Mwalimu anasikiliza, anaiandika kama ilivyosemwa, anamsomea mwenyewe kwa simu ili athibitishe, ndipo inapoingia kwenye menyu.

Sentensi ya kwanza kuthibitishwa ni ya yule mama: "Anayekaanga kwa karai asilipe sawa na mwenye friji." Ina herufi 51. Mwalimu hakugusa kitu.

4 Juni

Matajiri wawili wameikubali sentensi ya mama karanga. Nilidhani wamekosea kubonyeza, nikaenda kuwauliza. Mmoja akanieleza: samaki wadogo na wanaobaki jioni, wanaonunua ni hao kina mama. Wakishindwa na leseni wakaacha kazi, yeye atawauzia nani? Hilo sikuwahi kulisikia kwenye kikao chochote cha kaunti nilichohudhuria, kwa sababu vikao hivyo huwaketisha watu wa upande mmoja mbele ya meza, wakalalamika kwa zamu, wakapewa soda.

Penye ugomvi wa kweli ni ada ya kila chombo kinachoshusha. Hapo wavuvi na matajiri wamegawanyika kabisa, na mfumo unaonyesha hivyohivyo. Ni sawa. Mgawanyiko wa kweli nao ni jibu.

19 Juni

Kuanzia saa tatu usiku kura zimeanza kumiminika juu ya sentensi moja tu, ya maegesho ya bodaboda. Zilikuja kwa nafasi karibu sawa, moja baada ya nyingine, na namba zilikuwa zinafuatana kama za laini zilizotoka boksi moja. Mtu ana rundo la laini mpya na simu moja, ameketi mahali anabadilisha. Nimefunga mfumo saa nne.

Tulibishana hadi usiku wa manane. Wakili alitaka tusajili watu kwa orodha ya chama cha wavuvi na wazee wa mtaa. Nikapinga: atakayeshika orodha ndiye atakayekuwa mlinda mlango, na wapo watu huku wasiosemezana na mzee wa mtaa wao kwa sababu ya shamba. Isitoshe, kuhesabu laini kulikuwa kosa langu tangu mwanzo. Mwenye laini tatu ana kura tatu, na mke anayetumia simu ya mumewe hana hata moja.

Suluhisho amelitoa Mwalimu, wala halina umeme ndani yake. Vikaratasi. Kila kimoja kina namba ya tarakimu nane iliyotolewa kwa bahati nasibu. Vinachanganywa kwenye pakacha, mtu anakuja barazani, anachovya mkono, anachukua kimoja mbele ya watu, kidole kinatiwa wino ili asirudi. Hakuna anayejua nani amepata namba gani, hata sisi. Kura sasa ni ya kikaratasi, si ya laini: familia nzima inaweza kupiga kwa simu moja, na asiye na simu anaazima. Namba zinazowezekana ni milioni 100, vikaratasi ni mia kadhaa, kwa hiyo kubahatisha ni kazi bure, na simu inayokosea mara tatu inafungiwa hadi kesho yake.

Lipo shimo ambalo halijazibika. Mume akimnyang'anya mkewe kikaratasi, hatuna njia ya kumrudishia. Estonia, wanaopiga kura kwa intaneti tangu 2005, wanamruhusu mtu kupiga tena na tena, ya mwisho ndiyo ihesabiwe, na akienda kituoni kupiga kwa karatasi, ile ya intaneti inafutwa. Sisi tumeiga kupiga tena. Lakini kikaratasi kisicho na jina hakirudishiki kwa mwenyewe. Nimeliandika kwenye karatasi ya maelezo, chini ya lile la kampuni ya simu.

25 Juni

Mwaka mmoja leo tangu maandamano ambamo vijana waliuawa. Sikufungua kompyuta. Nilichokumbuka sana ni wiki zile za kabla, vijana walipokuwa wakiufasiri Mswada wa Fedha wa taifa wa 2024 kwa lugha za nyumbani, kwa video, kwa lugha ya ishara, bila kulipwa na mtu. Rais alitangaza tarehe 26 kwamba hatautia saini. Kwa baadhi ya familia, siku hiyo ilikuwa imechelewa kwa siku moja.

8 Julai

Tumegombana kuhusu jina, na ugomvi huu ulistahili. Wakili anasema tuite "kura", watu wanalielewa na lina uzito. Mimi nimekataa. Kifungu cha 81 cha Katiba kinataka kura ya uchaguzi iwe ya siri, na mimi najua vilivyo kwamba hii yetu kampuni ya simu inaweza kuiona. Siwezi kumwambia mama yule "piga kura" kwa neno lilelile analotumia kituoni, akaamini analindwa kwa namna ileile. Mwalimu amekata shauri: kwenye menyu tunaandika "maoni yaliyohesabiwa". Najua barazani watu watasema kura. Hilo ni neno lao, lisitoke kwetu.

14 Agosti

Mswada umetoka. Mstari wa wauza samaki bado ni mmoja, ada imepanda. Tangazo la kikao cha umma limebandikwa ofisini na kwenye gazeti.

Wakili ametukumbusha kesi ya Kiambu. Mwezi Aprili 2014 Jaji George Odunga aliifuta Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa kuwa umma haukushirikishwa ipasavyo. Alisema haitoshi kutupa ujumbe kwenye Twitter na kuwaachia wanaojali wautafute wenyewe. Bunge la kaunti litumie makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza, redio za taifa na za lugha za kienyeji, na kila mahali watu wanapokutana. Tumeifanya orodha ile kuwa ratiba yetu. Imamu ametupa dakika tano baada ya Ijumaa. Kanisa lililo karibu na soko limetupa kumi. Redio ya jamii imetupa nusu saa, na mama karanga ndiye aliyezungumza. Mimi nilisoma namba ya menyu tu.

3 Septemba

Pakacha limezunguka vijiji vyote tulivyopanga ila kimoja, ambako mvua ilikata njia. Kosa la leo: vikao vingi vilikatikia skrini ya tatu, mtu akirudi anaanza upya. Sasa mfumo unakumbuka alipofikia kwa namba ya kikaratasi.

11 Septemba

Tumeyawasilisha matokeo kwenye kikao cha kamati ya bunge la kaunti. Tulipeleka karatasi sita: kila sentensi, maneno yake kamili, idadi ya waliokubali, waliokataa na waliopita, na upande wa pili wa kila karatasi, kasoro za mfumo wetu bila kuficha hata moja. Karani amepiga muhuri wa kupokea. Mwakilishi wadi mmoja aliuliza kama sasa tunataka kuchukua kazi yao. Mama karanga akamjibu kabla yangu: "La, mheshimiwa. Tunataka uifanye ukijua."

Usiku mawazo yamenipeleka Iceland. Rasimu yao ya katiba iliandikwa na baraza la watu 25 huku wananchi wakichangia kwa intaneti, na tarehe 20 Oktoba 2012 theluthi mbili ya waliopiga kura walisema iwe msingi wa katiba mpya. Bunge halikuipitisha. Kwa hiyo muhuri wa karani nimeutunza, lakini sijauwekea matumaini kupita kiasi.

22 Septemba

Ripoti ya kamati imewekwa mezani. Mstari wa wauza samaki umekatwa mara mbili: wenye hifadhi ya baridi, na "wakaangaji na wachuuzi wadogo", wenye ada ya chini. Ripoti haisemi badiliko limetoka wapi. Ada ya vyombo imebaki kama ilivyopendekezwa, na sababu haikuandikwa. Kijiji kilichokosa pakacha kinauliza kwa nini tuliwaruka, nami sina jibu zaidi ya mvua.

Kazi za kesho:

Kufuta ufunguo wa siri wa majaribio ya Aprili hadi Juni, mbele ya wenzangu wote wawili.

Kwenda kwenye kile kijiji, bila mfumo, kusikiliza.

Kubandika matokeo pale diko, karatasi mbili ubavu kwa ubavu: sentensi zilizokubaliwa, na ripoti ya kamati kwa Kiswahili. Mwalimu bado anatafuta neno la "hifadhi ya baridi" ambalo mvuvi hatalikosea. Amesema nisichapishe hadi alfajiri.

Alhamisi, usomaji wa tatu. Kifungu cha 196 kinataka bunge la kaunti lifanye vikao vyake hadharani. Mama karanga watatu wameomba nauli ya matatu hadi kule, na pesa iliyobaki kwenye akaunti ya mradi inatosha kwenda na kurudi.